Vile mnaweza kubishania picha za ajabu za mwezi mpaka mpate jibu

Kazi yangu ni kupiga picha hapa Kisumu, harusi, mazishi, passport, watoto wa graduation, na kwa hiyo miaka yote kama kuna kitu nimejua vizuri ni kwamba kivuli kinaweza kukuonyesha kitu hakipo kabisa. Sasa mwezi uliopita nilikuwa kwa kinyozi pale Kondele, jamaa akatoa simu akatuonyesha picha ya mwezi, kuna kitu kirefu kama meli kimelala kando ya kreta (yale mashimo ya mwezi ya kugongwa na mawe), na watu wakaanza. Mmoja anasema hiyo ni chombo cha viumbe wa mbali, mwingine anasema ni uongo wa Marekani, mwingine anasema hata mwezi hawakufika, sauti zikapanda masaa mawili, kuna mteja alibaki amenyolewa upande mmoja juu kinyozi mwenyewe alikuwa ameingia kwa bishano na mashine iko mkononi. Na kwa hayo masaa mawili hakuna mtu hata mmoja aliuliza picha ilipigwa lini, na nani, na jua lilikuwa upande gani.

Napenda sana hizi bishano, sitaki ziishe, nataka tu ziwe zinafika mahali. Kwa hivyo hizi ndio hatua mimi hufuata.

Hatua ya kwanza: itisha kitambulisho cha picha

Kila picha ya mwezi iliyopigwa na chombo cha angani iko na namba yake, kama vile wewe uko na ID. Hiyo ya "meli" ya Kondele niliitafuta usiku huo huo, inaitwa AS15-P-9625. AS15 ni Apollo 15, moja ya zile safari za Wamarekani kwenda mwezini, hiyo ni mwaka wa 1971, na P ni kamera ya panorama iliyokuwa kwa chombo kilichobaki juu kikizunguka mwezi wenzake wakiwa chini. Kwa hivyo picha yenyewe ni ya ukweli, si ya kutengenezwa. Kilichotengenezwa ni hadithi: mwaka wa 2007 kulitokea video kwa intaneti zikisema kulikuwa na safari ya siri inaitwa Apollo 20 ilitumwa kuangalia hiyo meli. Apollo ya mwisho kwenda mwezini ilikuwa ya 17, Desemba 1972, ya 18 na 19 na 20 zilifutwa kabla zianze. Ona sasa vile namba moja tu imegawanya hiyo hoja mara mbili, picha iko sawa, maelezo ndio yana shida, na hao watu wawili wa kinyozi, yule wa chombo na yule wa uongo, kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli.

Kama mtu hana namba, chukua skrinshoti uitafute kwa Google kwa kutumia picha, mara nyingi utapata ile ya kwanza. Ikikosekana kabisa, wekeni hiyo kando mpaka ipatikane. Usiogope kusema hivyo hata kwa mzee, unamwambia tu kwa heshima, "mzee, tutafutie kwanza ilitoka wapi halafu tuendelee."

Hatua ya pili: tafuta jua

Hapa ndio nitakaa sana juu hapa ndio watu wengi hupotea, hata mimi.

Mwezini hakuna hewa. Huku kwetu hata ukikaa kwa kivuli cha mwembe bado unaona vizuri, juu anga lote linamwaga mwanga kutoka kila upande. Kule hapana, mahali jua halifiki ni nyeusi tititi, isipokuwa mwanga kidogo unaoruka kutoka ardhi ya karibu. Kwa hivyo jiwe dogo na kivuli chake vinaonekana kama vitu viwili vizito, na macho yako yanaanza kuhesabu kivuli kama sehemu ya jiwe.

Mfano mzuri ni wa Novemba 1966. Chombo cha Lunar Orbiter 2 kilipiga picha kwa Bahari ya Utulivu (wanaita bahari lakini ni uwanda wa lava ya zamani, hakuna maji) na zikaonekana ncha kadhaa nyeupe ziko na vivuli virefu vimechongoka kama minara. Kuna mfanyakazi wa Boeing anaitwa William Blair akasema zimepangika kwa jiometria, na mpaka leo zinaitwa kwa jina lake. Lakini jua siku hiyo lilikuwa chini sana, kama digrii 11 tu juu ya upeo. Piga hesabu: jua likiwa digrii 11, kivuli kwenye ardhi tambarare ni kama mara 5 ya urefu wa kitu. Jabali la mita 15 linatoa kivuli cha karibu mita 77! Na kama ardhi inateremka kidogo kwenda upande wa kivuli, kinakuwa kirefu zaidi ya hapo. Digrii 11 huku Kisumu ni kama dakika 45 kabla jua lizame, simama ufuo wa Dunga hiyo saa uangalie kivuli chako kinafika wapi, utaelewa hiyo picha kuliko vile mtu yeyote anaweza kukueleza. Tofauti ni kwamba huku hiyo saa inapita mbio, kule jua linasonga nusu digrii kwa saa, kwa hivyo hicho kivuli kirefu kinakaa hapo karibu siku nzima kikingoja kupigwa picha.

Shida ya pili ya jua ni ile ya mashimo kugeuka vilima. Ubongo wetu umezoea mwanga unatoka juu, ukipewa picha mwanga unatoka chini, kreta yote inafura inakuwa kama chapati imeinuka katikati. Mimi nilibishana na mpwa wangu wa Form Two jioni nzima kuhusu "majumba ya duara" kwa picha fulani, nikiwa na uhakika kabisa, mpaka akachukua simu akaizungusha kichwa chini na majumba yote yakawa mashimo mbele ya macho yangu. Nilimwomba msamaha hapo hapo. Kwa hivyo ukipewa picha, kitu cha kwanza, zima auto-rotate, geuza simu, angalia tena.

Kama watu hawaamini, fanyeni hii, gharama yake ni kidogo sana. Chukua sinia, mwaga unga wa ngano usawazishe na rula, kama sentimita 3 hivi. Angusha bano (gololi) kutoka juu ya kichwa, mbili tatu, uzitoe polepole. Halafu weka kokoto moja ndogo kama mbegu ya maharagwe juu ya unga. Zima taa. Washa tochi ya simu uiweke kando ya sinia karibu kugusa meza, mtu mwingine apige picha kutoka juu kabisa. Utaona hiyo kokoto imetoa kivuli kama mlingoti, na mashimo ya bano yamekuwa nusu nyeusi nusu meupe, kila moja na ukingo unang'aa. Sasa inua tochi polepole mpaka iwe juu ya sinia, piga ingine. Kila kitu kimelala, kokoto imekuwa nukta tu, mashimo mengine hata huyaoni. Unga ni ule ule, hakuna mtu amegusa kitu. Weka hizo picha mbili kando kwa kando kwa simu moja umpe mtu mgeni, muulize kama ni mahali pamoja.

Na ukilinganisha picha na mwezi wenyewe juu, kumbuka sisi tuko karibu na ikweta. Mwezi mchanga huku unalala kama mtumbwi, wenzetu wa Ulaya wanauona umesimama. Picha nyingi za darubini zinawekwa kaskazini juu, kwa hivyo lazima uzungushe simu ndio ifanane na ile unaona ukiwa Kisumu.

Hatua ya tatu: kitu hicho ni kikubwa aje?

Usikubali "kubwa" wala "kadogo", itisha mita. Chombo cha LRO cha NASA, shirika la anga la Marekani, kiko huko kinazunguka mwezi tangu 2009, na kamera yake ya karibu ikiwa kilomita 50 juu inafanya pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, iwe nusu mita. Matatu ya abiria 14 ina urefu wa karibu mita 5, kwa hivyo ingeonekana kama pikseli 10 hivi, mtu amesimama ni nukta moja na kivuli chake. Sehemu ya chini ya vyombo vya Apollo iliyoachwa huko ina upana wa kama mita 4, na kweli inaonekana kwa hizo picha, nukta chache nyangavu na kivuli, pamoja na njia za miguu za wanaanga. Ile kamera yake ya upana ni mita 100 kwa pikseli, hapo shimo lote la volkano la Menengai pale Nakuru, kilomita kama 12 kwa 8, lingekuwa ni pikseli 120 kwa 80 peke yake.

Kwa hivyo mtu akikuambia ameona "mlango" kwa picha ya mita 100 kwa pikseli, huo mlango una upana kama urefu wa uwanja wa mpira. Na akikuambia amepiga na darubini yake nyumbani akaona magari, mwambie kwa upole darubini ya nyumbani inatenganisha kama sekunde moja ya duara (digrii moja ukiigawa mara 3600), na hiyo kwa umbali wa mwezi ni karibu kilomita 1.9, hata Hubble yenyewe, ile darubini iliyo angani, haiwezi kuona vyombo vya Apollo. Kigezo changu mimi, kitu chini ya pikseli 5 sibishani juu yake kabisa, hapo ni macho yanajaza.

Hatua ya nne: picha ilipitia wapi kabla ikufikie

Hii ni fupi. Zile Lunar Orbiter za 1966 na 1967 zilikuwa zinapiga kwa filamu, filamu inasafishwa huko huko ndani ya chombo, halafu inasomwa vipande vipande inatumwa kwa redio, ndio maana hizo picha ziko na mistari imenyooka kama mabati. Hiyo mistari si barabara. Uchafu wa filamu, doa la dawa, unywele, zote zinaonekana kama vitu. Na ikifika kwa WhatsApp inakamuliwa tena, na JPEG (aina ya faili ya picha) hukata picha kwa viboksi vya pikseli 8 kwa 8, ukizumu sana unaona kona za mraba kila mahali, mtu anakuambia "ona hizi nyumba zimepangwa". Mimi hii kazi naifanya kila siku, kuna programu za kusafisha picha zinaongeza ukali kwa kubuni kingo, nimeona ikimpa bibi harusi kope za nywele ambazo hakuwa nazo. Kwa mwezi inafanya vivyo hivyo, inachukua jiwe la ukungu inalichonga linakuwa boksi. Itisha ile ya asili siku zote.

Hatua ya tano: tafuta picha ya pili

Siku tofauti, jua tofauti, ikiwezekana chombo tofauti. Hii ndio humaliza bishano nyingi. Tafuta LROC QuickMap kwa Google, ni bure, inatumia bando lakini si mbaya kama uko na wifi ya mahali, ni ramani ya mwezi unazumu kama ile ya kutafuta barabara. Andika jina la kreta au weka latitudo na longitudo, shuka, kuna kifaa cha kupimia umbali, na unaweza kuongeza picha za karibu juu ya ramani. Kwa simu ndogo inasumbua kiasi, kwa kompyuta ya cyber inaenda vizuri zaidi.

Lakini kabla mfungue picha ya pili, kila mtu aseme kwa sauti anatarajia nini. "Kama ni mnara, jua likihama kivuli kitahama lakini mnara utabaki mwembamba." "Kama ni jiwe tu, ikipigwa jua la mchana itakuwa nukta." Andikeni kwa karatasi. Bila hiyo mtu akishaona picha ya pili atasema ndio nilikuwa nasema, na huwezi kumshika.

Mnakumbuka ile "nyumba" ya Wachina? Desemba 2021 walitoa picha ya gari lao la Yutu-2, lile liko upande wa mbali wa mwezi (ule hatuuoni kutoka duniani), kuna kitu cha mraba kimesimama kwa upeo, na wao wenyewe wakakiita kibanda cha ajabu. Kilikuwa umbali wa kama mita 80 hivi. Hawakubishana kwa meza, waliendesha gari polepole kwa wiki kadhaa, na Januari 2022 wakatoa jibu: jiwe dogo limekaa kama sungura. Na jina la hilo gari, Yutu, maana yake ni sungura wa jade, kwa hadithi zao sungura anaishi mwezini. Kilichofanya lionekane kubwa ni ile ile shida ya kukosa hewa. Huku ukiangalia ile safu ya Nandi kutoka mjini inaonekana ya bluu na imefifia, hapo unajua ni mbali. Mwezini cha mbali na cha karibu vyote ni vikali sawa, na hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha.

Hatua ya sita: uliza maswali ya Thimlich Ohinga

Hii nimeitoa nyumbani. Sisi watu wa huku tuko na mawe matatu yanafundisha hii kitu vizuri. Kuna Kit Mikayi kule Seme, majabali yamepandana moja juu ya lingine mpaka unasema hakika kuna mtu aliyapanga, na yako na hadithi ya mke wa kwanza, lakini ni mwamba ulikatika na kulika wenyewe. Kuna jiwe linalolia la Ilesi, ukienda Kakamega kutoka Kisumu unaliona, kichwa kimekaa juu ya shingo na maji yanateremka kama machozi, nalo ni la asili. Halafu kuna Thimlich Ohinga kule Migori, kuta za mawe bila saruji, na hiyo ni kazi ya mikono ya watu, UNESCO waliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2018.

Ukisimama Thimlich huhitaji profesa akuambie ni ya watu. Ukuta uko na mlango mahali mtu angetaka kupita. Mawe madogo yamechomekwa katikati ya makubwa kuziba. Kuna mahali pa ng'ombe. Kila kitu kiko na sababu ya kuwa hapo kilipo. Kit Mikayi ni kubwa na inashangaza kuliko Thimlich, lakini ukiuliza "hii ni ya nini?" haijibu. Kwa hivyo chukua hayo maswali uyapeleke mwezini. Hicho kitu kina mlango? Kinajirudia kwa kipimo sawa? Kuna njia ya kukifikia? Mawe yaliyojenga yalitolewa wapi, shimo la kuchimba liko wapi? Na je, kinafanana na majirani wake? Kama kuna "minara" saba na pembeni kuna majabali mia ya rangi ile ile, hiyo ni familia moja.

Kwa mfano kuna mstari mwezini unaitwa Rupes Recta, urefu kilomita 110 hivi, mbali kuliko kutoka hapa mpaka Kericho, umenyooka kama ukuta wa mtu. Mtu wa Nakuru ndio anafaa kueleza hiyo kuliko mimi, juu anaishi ndani ya kitu cha aina hiyo: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukashuka, kama kingo za Bonde la Ufa. Na ukipimwa si wima vile kivuli chake kinadai, ni mteremko tu.

Hatua ya saba: mpe mwenzako kilicho chake

Hii wengi hawafanyi na inaniuma. Ukishinda hoja ya meli usimcheke mtu, yeye ndiye aliyeangalia picha kwa makini kuliko nyinyi wote. Kwanza kuona sura kwa mwezi ni urithi wetu, nyanya yangu alikuwa akinionyesha mama amebeba kuni na mimi namwona mpaka leo nikiangalia. Mwambie, "omera, hiyo ilikuwa jiwe, lakini nikuonyeshe ingine," halafu umpe za kweli. Kuna mashimo ya wima ambayo paa la ardhi lilianguka: lile la Marius lilionwa na chombo cha Japani cha Kaguya, na lile la Bahari ya Utulivu lina upana wa kama mita 100, na mwaka wa 2024 watafiti walichapisha kwamba rada inaonyesha kuna pango linaendelea chini yake. Kuna daraja la asili karibu na kreta ya King, upande wa mbali, kama mita 20 urefu, mwanga unapita chini yake. Kuna Reiner Gamma, mchoro mweupe umejikunja kama maziwa kwa chai, hauna kimo kabisa, na chini yake kuna sumaku.

Halafu kuna ile tunabishania Kondele sasa, Ina. Iligunduliwa kwa picha za Apollo 15, ni bonde la kilomita kama 3 kwa 2, lina vilima laini vya mviringo vimekaa juu ya sakafu ya mawe makali, inakaa kama matone ya zebaki. Hapa wanasayansi wenyewe hawajakubaliana. Umri wa ardhi ya mwezi unakadiriwa kwa kuhesabu kreta, ardhi ya zamani imegongwa mara nyingi. Ina ina kreta chache sana, kwa hivyo mwaka wa 2014 kundi moja likasema haijafika miaka milioni 100, maana yake volkano zilikuwa bado zinawaka mwezini juzi tu. Mwaka wa 2017 wengine wakasema hapana, hivyo vilima ni povu la lava, ni kama sponji, mawe yakigonga yanazama yanaacha alama ndogo, kwa hivyo kreta zinaonekana chache lakini umri ni karibu miaka bilioni 3.5.

Kinyozi yuko upande wa umri mdogo, anasema kingo ni kali sana hazijafunikwa na vumbi. Mimi niko upande wa povu, na sababu yangu ni lile sinia: tulijaribu tena, nusu unga wa kawaida, nusu sponji ya kuoshea vyombo tumeinyunyizia unga juu, tukaangusha bano zile zile kutoka kimo kile kile. Kwa unga zimechimba mashimo ya kuonekana mpaka mlangoni, kwa sponji imebaki alama kama ya kidole. Amesema sponji si lava. Ni kweli si lava. Jumamosi analeta mawe mepesi yenye matundu, yale ya Menengai, tuyasage turudie.